Jinsi ya kusoma kilima cha makombe cha Brazil (usianze na makombe)

Kosa langu la kwanza nililifanya dakika ya tano tu baada ya kufika. Niko Jaguaruna, kusini mwa jimbo la Santa Catarina kule Brazil, nimebadilisha mabasi mpaka mgongo unauma, nimesimama mbele ya ukuta mweupe wa makombe, yani maganda ya viumbe wa baharini kama chaza, ulionizidi urefu mara tatu, nikatoa neno kama mtaalamu: aisee hawa watu walikula makombe hawa! Dada aliyekuwa ananitembeza ni mwanaakiolojia, hakunijibu kitu. Akachutama chini ya ukuta, akachomoa penseli, akanionyesha kwa ncha yake kitu cheupe kimetokeza kidogo, kigumu, laini kama jino, ukubwa wa ukucha wa kidole gumba. Nikadhani ni kombe lililovunjika. Akasema hilo ni jiwe la sikio la samaki, na samaki mwenyewe alikuwa na nyama kushinda ndoo nzima ya hayo makombe unayoyashangaa.

Ndo maana mwongozo huu nimeupanga kinyumenyume. Watu wengi wakiona vilima hivi, hata kwenye picha tu, wanaanza na makombe, wanahesabu makombe, wanamaliza na makombe, alafu wanaondoka wakijua ni jalala la watu wa kale. We anza na vitu vingine vyote kwanza, makombe yaache mpaka mwisho, nitakwambia kwa nini.

Kwanza ujue unaangalia nini

Wabrazil wanaviita sambaqui, mi nitaandika sambaki ili ulimi usiteleze. Neno lenyewe la Kitupi, lugha ya wenyeji wa pwani ya Brazil, tamba ni kombe na ki ni lundo, basi limejieleza. Yako zaidi ya elfu moja yaliyoorodheshwa, mengi yamefuata pwani ya Atlantiki kuanzia Rio Grande do Sul kusini, unapanda Santa Catarina, Paraná, São Paulo, Rio de Janeiro, mpaka Bahia, na mengine kule juu kwenye pwani ya Pará. Mengi ya pwani yalijengwa kati ya miaka kama 8,000 na 1,000 iliyopita, na kipindi kilichochangamka kweli ni cha kati, miaka 5,000 hadi 2,000 iliyopita. Nasema yalijengwa kwa makusudi, utaona mbele.

Ukubwa unatofautiana sana. Mengine ni vichuguu vya mita 2, unaweza kuvipita usijue, alafu kuna yale ya kusini mwa Santa Catarina, ya Laguna na Jaguaruna, yenyewe ni majengo kabisa. Lile la Garopaba do Sul linatajwa kuwa na urefu wa kama mita 30, hiyo ni kama ghorofa 10, na watu walioliinua hawakuwa na punda wala toroli, walikuwa na vikapu na migongo yao.

Kaa na simu kabla hujapanda

Hatua hii watu wanairuka, na ndo inayokuokoa na maswali ya kijinga. Fungua ramani ya setilaiti, tafuta Laguna, shuka kusini kidogo mpaka mnara wa taa wa Santa Marta, angalia jinsi bahari, michanga na yale maji yaliyofungiwa nyuma ya fukwe, tuyaite lagoni, yalivyopangana. Sasa ukipata masambaki kwenye ramani utakuta mengine yako mbali na maji, katikati ya malisho ya ng'ombe, na utajiuliza hivi nani huyu alikuwa anabeba makombe kilomita zote hizo.

Hakuna aliyebeba, bahari ndo imehama. Miaka kama 5,000 hadi 6,000 iliyopita maji ya bahari kwenye pwani ile yalikuwa juu kuliko leo, mita 2 mpaka 4 kutegemea na sehemu, mabonde yakawa ghuba, alafu taratibu yakaanza kushuka, mchanga ukafunga midomo ya ghuba, zikabaki lagoni, na lagoni nazo zinaendelea kujaa tope mpaka leo. Kwa hiyo ukiwa na ramani mkononi, paka rangi ya bluu kichwani mwako kwenye bonde lote la chini. Utaona masambaki yanajipanga kuzunguka maji kama nyumba zinavyozunguka uwanja, na kutoka juu ya moja unaliona lingine. Huo ndo mtaa wao. Hapo sambaki linaacha kuwa lundo la pekee yake na linakuwa sehemu ya kitu kikubwa, watu wanaoonana kwa macho na kwa moshi ng'ambo ya maji.

Na ukiwa bado na ramani, jiulize swali la wazee wa karne ya 19: je hiki kilima ni cha watu au ni cha bahari yenyewe? Usicheke, swali hilo liligombaniwa miaka na miaka. Mjerumani Hermann von Ihering, aliyekuwa mkurugenzi wa jumba la makumbusho la São Paulo, alishikilia kwamba makombe yaliachwa na bahari, na alikuwa msomi wa konokono na chaza kwelikweli, si mtu wa kubahatisha. Namna ya kupima mwenyewe ni hii: lundo la bahari lina makombe ya kila saizi, mpaka vitoto ambavyo hakuna mtu angehangaika navyo, mengi yamesagika kingo kwa kubiringishwa na mawimbi, na halina mkaa. Lundo la watu lina makombe yaliyochaguliwa, kingo kali bado, na katikati kuna mkaa, mifupa ya samaki, mawe yaliyopasuka kwa moto. Alafu kuna makaburi. Bahari haichimbi kaburi.

Tafuta mistari meusi

Sasa umefika, umesimama mbele ya ukuta. Kuta hizi zilizo wazi nyingi hazikukatwa na wanaakiolojia, zilikatwa na wachimba makombe waliokuja na sepetu na baadae na matingatinga, hilo nitalirudia. Msaada wake ni kwamba unaona tumbo la kilima bila kuchimba chochote. Njoo asubuhi au jioni, jua likiwa la pembeni, saa sita mchana kila kitu kinang'aa macho yanauma tu huoni kitu.

Macho yako yatavutwa na matabaka meupe mazito, mita nzima ya makombe, pengine zaidi. Yapuuze. Tafuta katikati yao mistari myembamba myeusi, ya sentimita chache tu, inayopita kwa mawimbi kama mistari ya kwenye keki iliyokatwa. Ufuate mmoja kwa kidole (bila kuugusa) kutoka kushoto kwenda kulia, taratibu. Hapa unashuka, hapa unapanda, hapa kuna kishimo, hapa kuna alama nyeusi ya wima inayoshuka kama msumari mnene. Hiyo ya wima ni shimo la nguzo, mti ulichomekwa ukaoza ukaacha udongo mweusi mahali pake. Hicho kishimo ni kaburi.

Hili ndo jambo lenyewe. Kwenye sambaki linaloitwa Jabuticabeira II, hapohapo Jaguaruna, kilima cha urefu wa mita kama 400 na upana 250, timu ya Paulo DeBlasis, Maria Dulce Gaspar, na Wamarekani wawili mke na mume, Paul na Suzanne Fish, ilisafisha zile kuta zilizoachwa na wachimba makombe na kuzisoma mita kwa mita. Walichokuta ni kwamba mistari meusi ndo sakafu za maziko. Watu walikuja, wakachimba vishimo vifupi, wakalaza wafu wamekunjwa magoti kifuani, wamekunjwa sana kiasi kwamba kwa baadhi inaonekana mwili ulikaa kwanza muda fulani kabla ya kuzikwa, wakachomeka nguzo kuzunguka, wakawasha moto, wakaweka samaki, alafu wakafunika kwa makombe. Baadae wakarudi juu ya ile ile, wakaanza upya. Daniela Klokler aliyechambua mabaki ya chakula pale anayasoma kama mabaki ya karamu za msiba, yani si takataka za kila siku za jikoni. Kwa mtu wa kwetu hilo halihitaji maelezo marefu, msiba bila chakula ni msiba gani.

Kwa kuhesabu makaburi ya kwenye kuta zilizosafishwa na kukisia kwa kilima chote walifika kwenye idadi ya zaidi ya watu 40,000. Ni makisio, unachukua vipande vichache unazidisha, kwa hiyo usiibebe kama sensa. Lakini hata ukiikata nusu, ukaikata nusu tena, bado unabaki na kitu ambacho huwezi kukiita jalala. Ni makaburi yaliyorundikwa juu ya makaburi mpaka yakawa kilima.

Nikiri tu, siku ile nilipoelekezwa kufuata mstari mmoja mweusi kwa macho nilichukua kama dakika 20 kwa mita tatu, na nikakosea mara mbili, nikadhani mzizi wa mti ni shimo la nguzo. Tofauti: mzizi unapinda na unatoa matawi, nguzo imenyooka na chini imeishia butu au imechongoka. Ukishaiona mara moja huisahau.

Alafu tafuta samaki

Baada ya mistari, sogeza macho karibu zaidi, karibu ya kunusa. Ndani ya ile nyeusi kuna mifupa midogo midogo, pingili za uti wa mgongo kama visahani vyenye shimo katikati, miiba migumu ya hongwe, na yale mawe ya sikio. Kila samaki mwenye mifupa anayo, yanamsaidia kujua yuko wima au ameinama, na yanakua naye kwa pete kama mti. Yale makubwa ni ya samaki ambaye Wabrazil wanamwita corvina, yule anayekoroma ukimtoa majini. Ukiwa na jiwe moja tu unaweza kujua ni samaki gani, alikuwa mkubwa kiasi gani, na maabara wakilikata wanapata mpaka hali ya maji aliyoishi. Ndo maana yule dada aliniambia kama angeruhusiwa kuokoa ndoo moja tu kutoka sambaki linalobomoka angechukua ndoo ya nyeusi, sio ya nyeupe.

Sasa fanya hesabu ya jikoni. Yeyote aliyewahi kuchemsha makombe nyumbani anajua, unaokota kikapu kizima bamvua, mgongo unakatika, unachemsha, unachokonoa, unapata kisahani kimoja na lundo la maganda nje ya mlango. Samaki ni kinyume chake, anakupa nyama nyingi, anakuachia mifupa michache inayooza au kuliwa na mbwa. Kwa hiyo takataka zinadanganya. Kinachobaki kingi sio kilicholiwa kingi. Vipimo vya kemikali kwenye mifupa ya watu wenyewe vimethibitisha, protini yao kubwa ilitoka kwa samaki na wanyama wengine wa baharini, makombe yalikuwa ya kuongezea. Hawa walikuwa wavuvi, wenye mitumbwi, na walijua maji. Midomo ya lagoni za Laguna mpaka leo ni mahali pa kuvua mkizi, wavuvi wanasimama kwenye maji ya kiuno na kimia mkononi wakisubiri pomboo waliozoeana nao wawasukumie samaki, pomboo akijirusha kwa namna fulani na kimia kinarushwa. Kaa ukiangalia hiyo asubuhi moja, utaelewa kwa nini watu hawakuhama hapo kwa maelfu ya miaka.

Kama unataka kujua vitu vyao vinavyooza, tafuta habari za Joinville, kaskazini mwa jimbo hilohilo, sambaki la Cubatão I. Sehemu yake ya chini imelowa maji, hewa haiingii, kwa hiyo miti na nyuzi zilizosukwa zimebaki. Kwingine kote unaona mawe na mifupa tu unasahau kwamba nusu ya maisha yao ilikuwa kamba, kikapu na mbao.

Watu wenyewe wanasemaje

Cha ajabu, makombe ndo yaliyotuhifadhia hawa watu. Udongo wa pale una tindikali, mifupa inaliwa haraka, lakini makombe ni chokaa, yanaituliza ile tindikali na mifupa inabaki mpaka unaweza kuhesabu meno. Kwa hiyo mifupa ya sambaki ukiipata kwenye makumbusho, iangalie hivi.

Angalia mikono, mifupa ya juu ya mkono yenye alama nzito za misuli, kitu kinachoendana na kupiga kasia na kuvuta nyavu. Angalia tundu la sikio kwenye fuvu, baadhi wana kauvimbe ka mfupa ndani ya tundu, kanatokea kwa mtu anayezamia au kushinda kwenye maji ya baridi na upepo miaka mingi, hata leo wanaoteleza juu ya mawimbi huko nchi za baridi wanakapata. Alafu angalia meno. Yamesagika, kwa sababu ya mchanga kwenye chakula, lakini kwenye sambaki la Morro do Ouro, Joinville, watafiti walikuta meno mengi yaliyotoboka kuliko wanavyotegemea kwa wavuvi, na kutoboka kunataka wanga. Kwenye ugaga wa meno ya watu wa masambaki ya huko wamepata chembe za wanga zinazofanana na za viazi vikuu, viazi vitamu na kokwa za mti wa araukaria. Kwa hiyo picha ya mtu wa pwani anayekula chaza tu asubuhi mchana jioni, ifute. Alikuwa na kitu cha kusindikizia samaki, na pengine alikuwa na kishamba.

Ukija kwenye vinasaba, kuna mambo mawili ya kujua ili usipotoshwe na vichwa vya habari. La kwanza ni la Luzio. Huyu ni mtu aliyezikwa kwenye sambaki la mtoni, sio la pwani, linaitwa Capelinha, bonde la Ribeira, jimbo la São Paulo, ana umri wa kama miaka 10,000. Jina alipewa kumfuatisha Luzia, yule mwanamke wa kale wa Minas Gerais ambaye fuvu lake liliungua kwenye moto wa Jumba la Makumbusho la Taifa, Rio, Septemba 2018, na sehemu kubwa ikaokolewa kwenye majivu. Zamani kwa kupima umbo la mafuvu watu walisema hawa wa mwanzo walikuwa watu wa aina nyingine kabisa, waliotoweka wakaja wengine. Mwaka 2023 ukatoka utafiti wa vinasaba vya watu 34 wa kale wa Brazil, Luzio akiwemo, na Luzio akaonekana anatoka kwenye shina lilelile la wenyeji wa Amerika wa leo. Umbo la fuvu lilikuwa limewadanganya. Utafiti huohuo ukaonyesha kwamba wajenzi wa masambaki wa kusini na wale wa kusini mashariki hawakuwa kabila moja kwa damu, walijenga vitu vinavyofanana lakini kila mtu na ukoo wake. Hiyo naipenda sana, maana vitabu vilikuwa vinasema watu wa sambaki kana kwamba ni taifa moja lenye rais.

La pili ni la ugonjwa. Mwaka 2024, kutoka mifupa ya Jabuticabeira II ya miaka kama 2,000, watafiti walitoa vinasaba vya kijidudu cha jamii ya kaswende na buba. Vichwa vya habari vikasema kaswende imetoka Brazil. Soma vizuri: kile kijidudu kiko karibu zaidi na ugonjwa unaoitwa bejeli, unaopatikana leo sehemu kavu za Afrika na Mashariki ya Kati, unaambukizwa kwa kugusana na kwa vyombo, sio kitandani. Kilichothibitika ni kwamba jamii hiyo ya magonjwa ilikuwepo Amerika muda mrefu kabla ya Columbus. Ya kaswende yenyewe ni kesi nyingine.

Tarehe: kombe lina uongo wake

Ukisoma kibao cha makumbusho au ripoti, utakuta umri umepimwa kwa kaboni 14. Kazi ni rahisi kuelewa, kiumbe kikifa kaboni 14 inaanza kupungua, kila miaka 5,730 inabaki nusu. Shida ni kwamba kaboni ya baharini imezeeka tayari, maji ya vilindini yanachelewa kuchanganyika na hewa, kwa hiyo kombe lililokufa siku moja na mti wa nchi kavu linaweza kusomeka kama limeuzidi miaka mia nne hivi. Hivyo swali la kwanza kuuliza ni: mmepima nini, kombe au mkaa? Kama ni kombe, au mfupa wa mtu aliyekula samaki maisha yake yote, lazima pawe na masahihisho. Kama ni mkaa kutoka moto wa kaburini hapo unatulia kidogo. Na kitu kidogo kinachowachanganya wengi, wakisema miaka 2,500 iliyopita wanahesabu kurudi nyuma kutoka 1950, sio kutoka leo unaposoma. Tarehe iliyokwisha kusahihishwa ya 2,500 maana yake kama mwaka 550 KK.

Na usidhani chini ndo kwa kale na juu ndo kwa karibuni kila mahali. Masambaki makubwa yalikua pia kwa pembeni, vilima viwili vitatu vidogo vikaja vikaungana vikawa kimoja, kama familia zinavyoongeza vyumba.

Sasa ndo uangalie makombe

Umefika. Yale mengi, madogo, ya mviringo yenye michirizi, ni kombe la matopeni ambalo Wabrazil wanaliita berbigão, kisayansi Anomalocardia, linaokotwa kwa mikono kwenye maji ya magotini. Mengine ni chaza na kome. Ukiangalia tabaka jeupe zito utagundua mara nyingi halina uchafu wowote, halina majivu, halina mifupa mingi, ni makombe yametupwa kwa wingi kwa muda mfupi, mengine hata hayana dalili ya moto. Jalala la jikoni haliwi hivyo. Jalala lina kila kitu kimechanganyika. Hiki ni kifusi, ni kama mtu aliyeagiza lori la kokoto kwa ajili ya kujenga. Kombe ni jepesi kubeba, halishiki maji, halimomonyoki kwa mvua, ni jeupe linaonekana kwa mbali. Ukitaka kuinua kitu kwenye nchi tambarare ya mchanga na tope, utatumia nini kingine? Ndo maana nilisema yaache mwisho. Ukianza nayo unayaona kama chakula, ukimaliza nayo unayaona kama tofali.

Na kama tofali ndivyo yalivyoliwa na wageni. Kuanzia enzi za Wareno masambaki yalichimbwa, makombe yakachomwa kwenye matanuri yakawa chokaa ya kujengea nyumba na makanisa, sawa na pwani yetu tulivyochoma matumbawe, ila tofauti ni kwamba wao walikuwa wanachoma makaburi ya watu. Baadae yakaja kuwa kifusi cha barabara. Mtu aliyepiga kelele zaidi São Paulo ni Paulo Duarte, na hatimaye ikapatikana Sheria namba 3.924 ya tarehe 26 Julai 1961 inayolinda maeneo yote ya akiolojia Brazil. Kwa mengi ilikuwa imeshachelewa.

Kwenye machimbo hayohayo ndo zilipatikana zile sanamu nzuri kupita kiasi, Wabrazil wanaziita zoólito, wanyama waliochongwa kwa jiwe gumu jeusi na kusuguliwa mpaka yakang'aa, samaki, ndege, nyangumi, na nyingi zina kibakuli kimechongwa tumboni au ubavuni. Kwa kuwa nyingi ziliokotwa na wachimba chokaa na wakulima, zimefika kwenye makabati bila kujulikana zilikaa kaburi gani, na nani. Ukiona moja, igeuze kichwani mwako uone kile kibakuli kwanza, watu wanapiga picha mgongo wa samaki wanasahau upande wa kazi.

Ukipanga kwenda

Anza Joinville, makumbusho ya Museu Arqueológico de Sambaqui, msingi wake ni mkusanyiko wa Guilherme Tiburtius, mtu aliyeokota na kuandika kumbukumbu miaka mingi, na mji wenyewe una masambaki zaidi ya 40 ndani ya eneo lake, mengine yamekabwa na nyumba na mikoko. Florianópolis kuna mkusanyiko wa padri Mjesuti João Alfredo Rohr, aliyechimba karibu pwani yote ya jimbo. Rio das Ostras, jimbo la Rio, wamelihifadhi sambaki la Tarioba kama makumbusho, unaona makaburi mahali pake. Alafu ndo ushuke Laguna na Jaguaruna, na usiende peke yako, tafuta mtu wa hapo, njia zinapita kwenye michanga na mashamba ya watu.

Usichanganye haya na vilima vya makombe vya Amazonia, hivyo ni vya makombe ya maji baridi na vina hadithi yake. Taperinha, karibu na Santarém, ndipo Anna Roosevelt alipotangaza mwaka 1991 vigae vya vyungu vya zaidi ya miaka 7,000, vya kale kuliko vyungu vya Andes. Masambaki ya kusini yalikaa maelfu ya miaka bila chungu hata kimoja, na hawakuonekana kukihitaji.

Mwisho panda juu. Pale Jabuticabeira II ukiwa karibu kufika kileleni utaona makombe yanakata ghafla na inaanza nyeusi tupu, udongo wenye mafuta, umejaa mifupa ya samaki. Maziko yaliendelea, samaki waliendelea, ila kwa namna fulani walijenga kwa kitu kingine. Ni kama miaka 1,700 hivi iliyopita. Baadae kidogo zinakuja dalili za watu wa vyungu kutoka nyanda za juu, kisha Waguarani, kabila lingine la wenyeji, na vilima vipya vikubwa havikujengwa tena. Kaa hapo juu upumzike, upepo ni mkali, angalia masambaki mengine ng'ambo na uhesabu mangapi unayaona.

Ukishuka, fuata njia ileile uliyopandia na usiokote kitu, sheria ni kali na haijali kama ulikuta juujuu. Kung'uta viatu vyako hapohapo chini. Mi lilinasa kombe moja kwenye soli, nikaligundua nikiwa tayari kituo cha basi, na yule dada akanitazama mpaka nikarudi kwa miguu kulirudisha.